Makanisa Saba ya Padri Anselmi

Padri Anselmi alimimina chai nje ya kikombe kwa mara ya tatu wiki ile, na Bi Mwatum, aliyekuwa akifagia baraza, akajifanya hakuona. Chai ilienea kwenye kitambaa cha meza, ikadondoka sakafuni, ikafuata ufa wa saruji mpaka karibu na ufagio wake. Padri aliisikia ikidondoka. Akaliweka birika, akakunja mikono, akangoja. Bi Mwatum akazunguka nyuma kwenda jikoni kumwita mumewe.

"Keshamwaga tena," alisema.

Pandu Ame, mtu wa Makunduchi, alikuwa mpishi wa misheni ile kwa miaka kumi na tisa. Alichukua dasta akaenda kupangusa, kwanza meza, kisha sakafu, kisha vidole vya Padri kimoja kimoja, kwani chai ilikuwa ya moto.

"Kikombe hiki kina kasoro," alisema Padri.

"Ndiyo, Padri. Nitakibadilisha."

Kikombe hakikuwa na kasoro yoyote, na wote wawili walilijua hilo. Lakini ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu mwaka uliopita, ukungu ulipoanza kutanda katika macho ya mzee yule. Kosa lilikuwa la kikombe, la taa, la mlango uliofunguka vibaya, la kuku aliyelala njiani.

Misheni yenyewe ilikuwa njia ya Dunga, ndani ya mikarafuu: kanisa la bati, nyumba ya Padri ya vyumba vitatu, na nyuma yake kibanda cha udongo cha Pandu na mkewe. Waumini walikuwa wachumaji karafuu waliotoka bara, na idadi yao ilipungua kila msimu. Kila mtu pale alijua kwamba wakubwa wa mjini wangependa kulifunga kanisa lile, na kwamba kilichowazuia ni ukaidi wa Padri Anselmi tu. Siku atakapoondoka yeye, mlango utatiwa kufuli, na watu wawili wa kibandani watatafuta pa kwenda. Makunduchi nyumba ya kina Pandu ilikwishaanguka, na ndugu zake hawakumsamehe kumpikia kafiri miaka yote hiyo. Binti yao Kazija aliolewa Mkokotoni, katika nyumba iliyojaa wakwe.

Kusoma Padri hakuweza tena. Misa aliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu, ya Bibi Mariamu, na hiyo ndiyo aliyoisoma kila asubuhi huku akifunua kurasa za kitabu kikubwa kwa utaratibu, kama anayeziona. Blasio, katekista aliyefundisha dini pale, ndiye aliyemweleza Pandu jambo hilo, wakiwa kisimani. Padri mgonjwa wa macho huruhusiwa kufanya hivyo, alisema Blasio, lakini kwanza aombe ruhusa, na wa kwetu hajaomba, maana kuomba ni kusema kwamba haoni. Salama yake ni kwamba mwaka ule wa elfu moja mia tisa hamsini na nne Kanisa lao duniani kote lilikuwa limeuweka kwa heshima ya Bibi Mariamu. Watu walidhani mzee amezidi mapenzi tu.

"Mwezi wa kumi na mbili mwaka unakwisha," alisema Blasio, akainua ndoo yake akaenda zake.

Lakini ulikuwa Agosti bado, na Agosti mapadri wote wa kisiwani walikwenda mjini kwa mafungo yao ya mwaka. Siku nane walikaa pamoja katika nyumba ya mapadri, hawasemi. Mwaka wake wa kwanza wa kazi Pandu alishangaa sana kusikia mafungo halafu akaona wenyewe wanakula mara tatu kwa siku. Baadaye akaelewa kuwa kilichofungwa ni ulimi.

Bi Mwatum alipiga pasi kanzu nyeupe za Padri barazani, makaa yakilia ndani ya pasi.

"Baba Kazija, huko mjini wapo mapadri kumi," alisema bila kuinua uso. "Akiwepo mmoja mwenye macho mazima, basi."

"Nitakuwa karibu naye."

"Mpaka mezani utakuwa karibu naye?"

Pandu alikuwa anapanga viatu sandukuni.

"Mimi nnakwambia mapema," alisema Bi Mwatum. "Sina nguvu ya kuhama. Bonde lile la muhogo nimelima mwenyewe kwa mikono yangu, kwa sababu mliniambia tutakaa. Sina nguvu ya kuanza shimo la kwanza kwenye ardhi ya mtu mwingine. Mrudi kama mlivyokwenda. Sitaki zaidi ya hilo."

Alikunja kanzu ya mwisho, akaipiga kofi ili ilale, akaitia sandukuni juu ya viatu.

*

Njia yao ya kutembea walikuwa wameshaizoea. Pandu alishika mwavuli mkubwa mweusi, akaufungua hata kama jua halikuwa kali, na chini yake kiwiko chake kiligusa kiwiko cha Padri. Aliyewaona alimwona mtumishi anayemkinga bwana wake jua. Hakuna aliyeona kiwiko. Kikisukuma kidogo, Padri alipinda. Kikirudi nyuma, alisimama.

Na Pandu alisema. Mafungo hayakuwa yake, kwa hiyo siku zile nane ulimi wake ulifanya kazi ya watu wawili, taratibu, midomo haichezi sana. "Kizingiti, Padri. Juu. Kingine. Mfereji mbele, hatua ndefu. Anakuja mtu na baiskeli, ngoja apite. Shikamoo Bi Mkubwa. Huyo ni bibi tu amekaa barazani kwake. Twende."

Kila alasiri, wenzake walipolala au kusoma vitabu vyao vyumbani, Padri Anselmi alitoka kwenda kuzuru kanisa moja. Ilikuwa ada yake tangu ujana, aliposoma Roma, ambako watu huyazungukia makanisa saba kwa miguu. Mji wa Unguja haukuwa na makanisa saba ya Kirumi, basi yeye aliyatengeneza saba kutokana na yaliyopo. La kwanza lilikuwa lile lile kubwa la minara miwili, lililokuwa ukutani kwao. La pili, chumba cha sala cha masista. La tatu, la skuli. La nne, hospitali, pembe moja yenye msalaba na viti vinne. La tano lilikuwa la Waingereza, Mkunazini. Hilo sheria za dini yake hazikumruhusu kuingia kusali, kwa hiyo alisimama nje ukutani, kofia mkononi, akasali pale pale. La sita makaburini. La saba Walezo, kwa wazee na wagonjwa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Pandu alikaa nje ya mlango wa masista, mwavuli magotini, akihesabu muda kwa kivuli cha ukuta. Miguu ilimuuma. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na nane, na mwaka ule ndio aliotambua kwamba kumwongoza mtu kunachosha kuliko kumbeba. Mzigo ukiuweka kichwani unaweza kufikiri mambo yako. Huu haukumpa nafasi ya kufikiri lolote ila jiwe lililo mbele.

Jikoni kwa mapadri alipewa mkeka karibu na kuni. Mpishi wa pale, jina lake Mkubwa, alikuwa Mtumbatu, mtu safi, mwenye aproni iliyotiwa wanga. Hakuwa mbaya, ila alipenda ijulikane kwamba jiko ni lake.

"Usiguse hiyo sufuria, Mmakunduchi. Ina mahali pake."

"Naiondoa njiani tu."

"Njia yake ndiyo hiyo."

Siku ya tatu mchana Mkubwa alirudi kutoka chumba cha kulia akiwa na sahani tupu, akachutama mbele ya Pandu.

"Padri wako haoni," alisema.

"Anaona."

"Nimemwekea chumvi mbele yake, akaipapasa kama mtu aliyeangusha pete mchangani. Na leo ilikuwa zamu yake ya kusoma. Wanapokula wao husomewa kitabu, kila siku mmoja wao. Kapewa kitabu, kakishika, kisha kagusa koo lake, kakohoa, kampa mwenzake."

"Koo linamuuma. Upepo wa huku."

"Upepo wa huku," alisema Mkubwa.

Pandu akaomba tangawizi. Aliitwanga mwenyewe, akaichemsha mbele ya macho ya Mkubwa, akaipeleka juu kwenye kikombe chenye mfuniko. Jioni kikombe kilirudi kimejaa. Mkubwa alikitazama, akakimwaga kwenye karo, akakiosha.

Siku ya nne koo bado liliuma.

*

Siku ya tano asubuhi Pandu aliitwa na Padri Mkuu, aliyewaongoza mapadri wote wa kisiwani. Huyu alikuwa na miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye Kiswahili cha vitabu kisicho na kosa na kisicho na ladha. Pandu alivua makubadhi mlangoni. Padri Mkuu alimwashiria angoje, akaendelea kuandika barua yake mpaka chini, akaikausha, akaikunja, akaandika anwani. Kilikuwepo kiti. Pandu alisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje, kwa kuwa hakuambiwa aingie wala asiingie.

"Wewe ni Pandu."

"Naam."

"Umekaa na Padri Anselmi siku nyingi. Nakuuliza wewe kwa sababu yeye yuko katika kimya chake, na sitaki kumvunjia kwa jambo ambalo huenda si kitu. Anaona?"

"Anaona."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha mzee."

"Anasoma?"

Pandu aliona bonde la muhogo. Aliona mgongo wa Bi Mwatum, jembe likipanda na kushuka. "Anasoma kila asubuhi," alisema. "Waulize watu wa kanisani. Anafunua kitabu mbele yao."

Padri Mkuu aliisogeza barua pembeni. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka kama wengine, mwenye barua nyingi.

"Pandu, mimi nikiambiwa uongo hapa, nitamwacha mzee kipofu peke yake porini, na siku moja atadondoka kisimani. Unaelewa? Kwa hiyo nakuuliza kwa imani yako. Unaweza kuapa?"

"Kuapa kwenu au kwetu?"

"Kwenu."

Nje mtu alikuwa anauza samaki, sauti yake ikipita chini ya dirisha na kutokomea uchochoroni.

"Wallahi anaona," alisema Pandu.

"Asante. Nenda."

Aliteremka ngazi akishika ukuta. Adhuhuri alikwenda msikitini kama kila siku, akatawadha, akasimama safuni, na alipofika rakaa ya tatu hakukumbuka kama ni ya tatu au ya nne. Akamfuata imamu tu. Baada ya salamu alibaki amekaa. Maishani alikuwa amesema uongo mdogo mdogo kama mtu mwingine yeyote, wa sokoni, wa nyumbani, wa kikombe chenye kasoro. Lakini yamini hakuwahi kuila ya uongo. Baba yake alimfundisha kwamba mtu anayekula yamini ya uongo nyumba yake huwa tupu hata ikiwa na watu.

*

Alasiri walitoka kwenda Mkunazini. Mwavuli ulikuwa mzito. Walipita Hurumzi, wakakata uchochoro, Pandu akitaja mawe na mifereji, na katikati ya mawe na mifereji akajikuta anasema mengine. Labda alisema kwa sababu Padri hakuweza kumjibu. Ilikuwa kama kuuambia ukuta.

"Ngazi moja, Padri. Teremka. Leo wameniita juu. Pinda kushoto. Padri Mkuu wenu ameniuliza kama unaona. Nimemwambia unaona. Shimo hapo, pitia huku. Hakuridhika. Akanitaka niape. Basi nimeapa. Simama kidogo, punda anapita. Nimeapa, yamekwisha, tutarudi nyumbani. Twende."

Kiwiko hakikwenda.

Walikuwa wameshafika ukuta wa kanisa la Waingereza. Watu wa Darajani walikuwa wakipita na vikapu vyao. Padri Anselmi alivua kofia, Pandu akadhani anaanza sala yake. Kisha mzee akafungua kinywa, na sauti yake ilitoka imekwaruza kwa siku tano za kutotumika.

"Umeapa kwa jina la Mungu?"

"Padri, wewe husemi. Mafungo hayajesha."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Nirudishe."

"Hujasali."

"Nirudishe nyumbani, Pandu. Nataka kumwona."

Pandu alielewa kwamba anataka kumwona Padri Mkuu, amwambie kweli. Alifunga mwavuli. Alitambua kwamba mzee huyu hawezi kufika popote bila yeye, na kwamba akisimama tu hapo alipo, asiseme, asisogee, neno hilo halitasemwa leo. Pengine kesho litakuwa limepoa.

"Sikurudishi," alisema. "Kiapo ni changu na Mola wangu. Nitaulizwa mimi. Nani kakwambia ukibebe wewe?"

"Umekila kwa ajili yangu."

"Nimekila kwa ajili ya nyumba yangu. Wewe umo tu."

Padri aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu. Kisha akageuka, akanyoosha mkono, akaupata ukuta, akaanza kwenda peke yake.

Alikwenda vibaya. Mguu ulitangulia ukipapasa, mwili ukafuata. Kiganja chake kilipita juu ya chokaa, juu ya mlango wa mtu, juu ya bega la mwanamke aliyekuwa amesimama pale na aliyeruka pembeni akasema maskini. Watu wakaanza kusimama. Miongoni mwao alikuwa Borafya, mtu wa Makunduchi aliyefungua mkahawa Mlandege na aliyekua pamoja na Pandu. Alikuwa amebeba kikapu cha vitunguu.

"Pandu," alisema Borafya, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kumbe wewe ndiye bakora yake. Mbona umemwacha atembee peke yake?"

Watu wawili watatu walicheka. Pandu alisimama na mwavuli wake. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa ya uso. Aliona Padri akifika mwisho wa ukuta, mahali uchochoro unapokutana na njia kubwa, mkono ukitafuta ukuta mwingine ambao haukuwepo. Kutoka Darajani lilikuwa likija gari la hamali lililojaa magunia, wenyewe wanalisukuma vichwa chini, wakipiga kelele ya kuomba njia. Padri akasimama katikati, akageuza uso huku na huku, akijaribu kusikia kelele inatoka upande gani.

Pandu akaenda. Hakukimbia, goti halikuruhusu, lakini alifika. Alimshika Padri mkono, si kiwiko, mkono wenyewe, akamvuta ukutani, na gari likapita na magunia yake. Halafu hakuuachia. Walirudi hivyo mji mzima, wameshikana mikono mbele za watu, mwavuli umefungwa kwapani. Pandu hakutaja ngazi hata moja. Alisimama tu palipokuwa na ngazi, na Padri akainua mguu.

Mlango wa Padri Mkuu ulifungwa kwa muda wa saa nzima. Pandu alikaa jikoni kwenye mkeka wake. Mkubwa alimmiminia chai, akaiweka karibu yake, kisha akaihamisha ile sufuria mwenyewe ili Pandu anyooshe miguu.

Ilikuwa kama alivyojua. Mafungo yalimalizika siku tatu baadaye, na makanisa mawili ya mwisho hawakuyazuru. Padri Anselmi angepelekwa Bagamoyo, kwenye nyumba ya mapadri wazee, kwa meli ya mwisho wa mwezi. Kanisa la njia ya Dunga litafungwa, na waumini watatembea mpaka kanisa jingine. Padri Mkuu alimwita Pandu mara ya pili, na safari hii alimpa kiti. Alimwambia kwamba kibandani wanaweza kukaa mpaka karafuu za msimu ule zichumwe, kisha ardhi itarudi kwa mwenyewe. Kuhusu kiapo hakusema neno. Pandu alikaa kwenye kile kiti, akagundua kwamba miguu yake haifiki chini sawasawa.

*

Bi Mwatum aliwapokea barazani. Alitazama nyuso zao, akatazama mikono yao, akapokea sanduku.

"Nani kasema?" aliuliza jikoni.

"Mwenyewe."

"Kwa nini?"

Pandu alimweleza. Alieleza yote, yamini pia, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuchagua cha kuficha. Bi Mwatum alisikiliza huku akichambua mchele, na alipomaliza kusikiliza aliendelea kuchambua.

"Kwa hivyo wewe umeapa uongo ili tukae," alisema, "na yeye kasema kweli ili tuondoke. Na mimi niliyekuwa nalima, hakuniuliza mtu."

"Mwatum."

"Sisemi kitu. Nnahesabu tu nani kafanya nini."

Wiki ile ya mwisho ilipita kwa kufungasha. Vitabu vya Padri vilitiwa masandukuni bila yeye kuvigusa, ila kimoja kimoja alivinusa, akataja jina lake, na mara nyingi alipatia. Blasio alichukua kengele. Wachumaji karafuu walikuja mmoja mmoja kuaga, wakabusu mkono, wakarudi kazini.

Siku ya kuondoka, gari la mjini liliambiwa lije saa nane. Mchana Pandu alitandika kitambaa mezani kama siku zote, akaweka sahani moja, uma mmoja. Padri alikaa, akapapasa sahani, akainuka tena.

"Leo nataka kula mnapokula nyinyi," alisema.

Miaka kumi na tisa hakuwahi kukaa kwenye mkeka wao. Haikuwa kiburi. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Bi Mwatum aliondoka, akarudi na maji ya kunawa, akamshikilia beseni. Wakakaa watatu kwenye sinia moja, wali wa nazi na changu wa kupaka. Pandu alimtolea miba, akamsogezea minofu upande wake. Padri alikula kwa mkono, wali ukianguka kifuani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema kitu chochote kina kasoro.

Alipomaliza, alikaa na mkono wake mchafu ameuinua hewani.

"Bi Mwatum," alisema. "Nimewaharibia. Nilijua nitawaharibia, na nikasema vile vile. Naomba radhi yako."

Bi Mwatum alikuwa akimmiminia maji. Aliyamimina mpaka mkono ukatakata, akamkabidhi taulo.

"Radhi sina, Padri," alisema. "Siku ya leo sina. Nikikwambia nshakupa itakuwa nakudanganya, na wewe hutaki watu wakudanganye. Nenda salama. Nikiipata nitakuletea."

Pandu aliinamisha uso. Padri Anselmi aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Ahsante," alisema, na alionekana kuwa anamaanisha.

Gari lilikuja saa nane na nusu. Pandu alimwingiza, akamweka mguu mmoja, kisha wa pili, akamfungia mlango. Dereva alikuwa na haraka.

*

Walihama karafuu zilipokwisha kuchumwa. Muhogo mkubwa waliung'oa, mdogo waliuacha. Walipata chumba cha uani Mlandege, na Pandu akapata kazi kwenye mkahawa wa Borafya, kupika maharage na chai kuanzia alfajiri. Borafya hakuwa mwajiri mbaya. Alimlipa kwa wakati, na kila alipokuja mgeni wa kutoka Makunduchi alimwonyesha jikoni akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa bakora ya Padri," na wageni wakacheka, na Pandu akakoroga maharage. Alifunga siku tatu kwa ajili ya yamini ile, kwa kuambiwa na sheikh wa mtaa. Sheikh alimwambia pia kwamba kafara ni kwa Mungu, na moyo wake auangalie mwenyewe.

Barua moja ilikuja kutoka Bagamoyo, imeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Padri alikuwa mzima. Ruhusa ya kusoma Misa ile moja alikuwa ameipata kwa maandishi. Bahari aliisikia kitandani. Aliwasalimu wote wawili kwa majina, na hakuuliza kitu. Pandu alimsomea mkewe, akaiweka chini ya mkeka, na miezi ikapita.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, Pandu alikuta Bi Mwatum amekaa uani anapeta mchele wa mwenye nyumba. Alikuwa ameanza kufanya kazi hiyo kusaidia kodi. Pumba zilikuwa zimemjaa kwenye nyusi.

"Una karatasi?" aliuliza.

"Ya nini?"

"Mwandikie yule mzee. Andika kwa herufi zetu za Kiarabu, Bagamoyo hawakosi wa kumsomea."

Pandu aliingia chumbani, akatafuta karatasi, akakosa, akachukua mfuko wa sukari, akaukata upande mmoja, akaukunjua. Akakaa kizingitini na kalamu na chupa ya wino.

"Nimwandikie nini?"

"Mwambie hatujambo. Habari za chumba usimwandikie, wala za Borafya. Mwambie Kazija kazaa mtoto wa kike." Alirusha mchele, akaudaka, akapuliza. "Na mwambie ile radhi yake nshampa."

Pandu aliacha kalamu hewani.

"Yote?" aliuliza.

Bi Mwatum alipeta ungo mara mbili, mara tatu, akautazama mchele, akatoa changarawe moja akaitupa mbali.

"Nyingi," alisema. "Iliyobaki bado naitafuta."

Pandu akachovya kalamu, akaandika hivyo hivyo.